Demasoni ishirini na tano kwenye tangi moja: mwongozo kamili wa kufuga na kuzalisha mbuna wakali nyumbani

Nilianza na watano. Baada ya wiki sita alibaki mmoja, mnene, mwenye afya tele, akizunguka tangi lote kama baba mwenye nyumba aliyefukuza wapangaji wake. Wenzake wanne niliwaokota mmoja mmoja, mapezi yamechanika, magamba yametoka ubavuni. Aliyeniuzia aliniambia, "Kaka, watano wanatosha, wasibanane." Kumbe walihitaji kubanana.

Ninaandika haya kwa anayetaka kufuga nyumbani mbuna, yaani samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa wa jamii ya sikilidi, ukoo mmoja na perege, hasa yule mdogo mwenye mistari ya bluu anayeitwa demasoni. Kisayansi alielezwa mwaka 1994 kwa jina Pseudotropheus demasoni, na mwaka 2016 akahamishiwa jenasi Chindongo. Utamkuta akiuzwa kwa majina yote mawili. Kwao ni miamba ya Pombo na Ndumbi, upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa. Kwa kawaida hafiki sentimita 9, dume na jike wamefanana rangi, na ukimwona dukani katulia kwenye kona ya kioo huwezi kuamini ukorofi wake. Mjomba wangu wa Mbamba Bay alipoona picha alicheka: kwao hao ni samaki wa watoto kuchezea, mifupa mitupu, mboga ni usipa.

Kwa nini msongamano

Ziwani, dume la mbuna hushika jiwe lake. Juu ya jiwe kuna mwani na vijidudu vilivyojificha ndani yake, na hicho ndicho chakula chake. Akija dume mwingine wa aina ileile, anafukuzwa mita kadhaa, kisha anaachwa, kwa sababu mwenye jiwe lazima arudi alinde shamba. Nyumbani hakuna mita kadhaa. Anayekimbia anagonga kioo, anageuka, anakutana tena na mkimbizaji, na ugomvi ambao ziwani ungechukua sekunde tano unaendelea siku nzima mpaka mmoja afe.

Ukiweka watano, mbabe anawajua wote na ana muda wa kumshughulikia kila mmoja. Ukiweka ishirini na tano, akimkurupusha wa kwanza anapitana na wa pili, anamgeukia, wa tatu anaingia kwenye jiwe lake, anarudi mbio. Hasira inagawanyika vipande vidogo visivyoua. Hakuna anayepata eneo la kudumu, kwa hiyo hakuna mwenye cha kutetea hadi kufa.

Ila msongamano ni mkopo, na riba yake inalipwa kwa maji. Samaki ishirini na tano wanakula, wananya na kupumua mara tano ya wale watano. Ukishindwa kulipa hiyo riba kila wiki, amani uliyoipata itageuka kaburi la wote kwa pamoja. Kama huna nafasi ya kubadilisha maji nusu ya tangi kila Jumamosi, fuga samaki wengine, hakuna aibu.

Tangi lenyewe

Urefu wa chini ni sentimita 120. Kimo si muhimu sana, kwa sababu mbuna hukimbizana kwa mlalo, hivyo tangi refu na pana lina faida kuliko lililosimama kama kabati. Langu ni 120 kwa 45 kwa 50, ambalo kwa hesabu ya karatasi ni lita 270. Ukiacha sentimita 5 juu na kutoa nafasi ya mawe na mchanga, unabaki na lita kama 220 za maji ya kweli. Tumia namba hiyo unapopima dawa au chumvi. Wengi huzidisha dozi kwa kuhesabu mawe kama maji.

Fundi wa vioo atakutengenezea kwa bei nafuu kuliko la dukani, ila simama naye. Kwa kimo cha sentimita 50 omba kioo cha milimita 10, na mkanda wa kioo juu ili kuta zisitanuke. Silikoni iwe ile tupu, yenye harufu kali ya siki inapokauka, isiyowekwa dawa ya kuzuia ukungu. Ya bafuni ina hiyo dawa na inaua samaki. Iache ikauke wiki nzima, lijaze maji nje kwenye sakafu tambarare, lilale siku mbili. Hapo ndipo uliingize ndani.

Meza usiibahatishe. Maji, kioo, mawe na mchanga ni karibu kilo 340. Mimi nilichomelewa stendi ya chuma, juu nikaweka ubao mnene na kipande chembamba cha stairofomu ili kioo kilale sawa. Likae ukutani, mbali na dirisha linalopigwa jua.

Mawe kwanza, mchanga baadaye

Huu mpangilio haubadiliki. Mbuna wanachimba. Ukitandaza mchanga kisha ukaweka mawe juu yake, watachimba chini ya jiwe, rundo litadondoka, na utaamka usiku kwa sauti ya kioo kupasuka. Weka stairofomu au karatasi ngumu ya plastiki kwenye sakafu ya tangi, panga mawe makubwa juu yake, yatikise kwa mkono kwa nguvu, na yasipocheza ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Sentimita 3 hadi 5 zinatosha.

Mawe nimenunua kwa watu wa ujenzi, yale ya Lugoba, magumu, kiasi cha kilo 50. Nimechanganya na vipande vichache vya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu pwani, kwa sababu ni chokaa na chokaa hushikilia maji yasichachuke. Ukitaka kujua kama jiwe lina chokaa, lidondoshee siki; likitoa povu, linayo. Usiende kung'oa matumbawe hai baharini, kwanza ni kosa, pili yataoza tangini. Mchanga wa mto ni mzuri; osha mpaka maji yatoke meupe, na ukidhani umemaliza, osha tena mara mbili.

Jaza mawe mpaka karibu na uso wa maji. Lengo ni mapango mengi madogo na kuta zinazokata macho: samaki akipinda kona, mkimbizaji asimwone tena. Pango kubwa moja zuri katikati ndilo kosa la wapenda mapambo. Litapata mwenyewe siku ya kwanza, na wengine wote watakuwa wakimbizi. Vipande vya bomba la plastiki la inchi mbili na vyungu vilivyovunjika vinafaa pia, ingawa wageni watakuuliza kama umeweka takataka.

Maji

Ziwa Nyasa lina maji ya nyuzi 23 hadi 28, pH (kipimo cha uchachu; juu ya 7 maji hayana uchachu) kati ya 7.7 na 8.6. Hiyo ndiyo shabaha. Nunua vipimo vya matone. Vile vya karatasi vinadanganya.

Maji ya bomba yana klorini, inayoua samaki na bakteria wa filta. Kama yamekaa siku nzima kwenye pipa wazi huku pampu ya hewa ikitibua, klorini ya kawaida huwa imekwisha. Ukiwa na haraka tumia dawa ya thaiosulfeti inayouzwa kwenye maduka ya samaki. Maji ya kisima hapa Dar es Salaam mara nyingi ni magumu, yaani yana madini mengi, na ugumu mbuna wanaupenda, lakini visima vingi vimeingiliwa na bahari. Yaonje. Ukihisi chumvi ulimini, achana nayo.

Maji yakiwa mepesi mno, pH itayumba. Tiba ya jikoni ni soda ya kuokea, ile ya maandazi na keki. Usichanganye na magadi ya kutengenezea sabuni, ni kali mno. Hesabu yake ni rahisi: gramu 30 kwenye lita 1000 hupandisha ugumu wa kaboneti, KH, kwa digrii 1. Kwa lita 220 ni takriban gramu 6.6 kwa digrii, yaani kijiko cha chai na ushee. Kutoka KH 3 hadi 7 utahitaji gramu 26, na usizimwage siku moja. Gawanya siku nne. Baada ya hapo, kila unapobadilisha lita 110, maji mapya yabebe gramu 13 zake kabla hayajaingia. Ugumu mwingine ongeza kwa chumvi ya haluli kidogo kama kipimo kinaonyesha upungufu. Mimi siiweki, mawe yangu yananitosha.

Filta iwe na uwezo wa kuzungusha maji yote mara 8 hadi 10 kwa saa. Kwa tangi hili ni lita 2000 kwa saa, na ningekushauri ziwe filta mbili za lita 1000 badala ya moja kubwa, ili moja ikifa usiku nyingine ikae zamu. Ongeza sponji mbili zinazoendeshwa na pampu ya hewa. Moja ya hizo sponji ni akiba ya vifaranga.

Sasa subira. Tangi jipya halina bakteria wa kula amonia. Unawalea kwa kuweka amonia kidogo (chakula cha samaki kinachooza kinatosha, ingawa kinanuka) na kungoja. Amonia hupanda, kisha huliwa ikawa naitraiti, nayo ni sumu, kisha naitraiti huliwa ikawa naitreti, ambayo utaitoa kwa kubadilisha maji. Wiki nne hadi sita. Ukiomba sponji chafu kutoka kwa rafiki mwenye tangi zima, muda hupungua sana.

Mfugaji wa mbuna hana ruhusa ya kuruka hatua hii, na sababu ni pH. Kwenye maji ya pH 7 na nyuzi 27, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8.2 joto likiwa lilelile, inafika kama asilimia 9. Kiasi kilekile kinachomkera tu kambale kinaunguza mashavu ya mbuna.

Kuwanunua na kuwaingiza

Nunua 25, wa sentimita 3 hivi, wote kutoka kundi moja, na uwaingize siku moja. Si kumi leo na kumi na tano mwisho wa mwezi. Kumi wa leo watakuwa wenyeji, na wenyeji wa demasoni hawapokei wageni.

Udogo una faida mbili. Huwezi kutambua dume na jike kwa macho, kwa hiyo wingi ndio bahati nasibu yako. Na wakikua pamoja, vyeo vinajipanga taratibu. Tarajia kuwapoteza wachache wanapokaribia miezi sita hadi minane, madume wanapobaleghe. Bakiza wasiopungua 15. Wakishuka chini ya 12 utaanza kuona yale niliyoyaona kwa watano wangu.

Bakteria wako hata hivyo wawe wamelelewa kwa mzigo huo. Wiki ya kwanza pima amonia kila siku, na ikionekana hata kidogo badilisha robo ya maji.

Wakaazi wengine? Kanuni ni moja: asifanane naye. Labidochromis caeruleus, yule wa njano, anakubalika kwa sababu demasoni hamwoni kama mpinzani. Sita au saba wanatosha, na ukiwaongeza ujue mkopo wa maji umepanda. Samaki yeyote mwingine wa bluu mwenye mistari ya wima ni adui. Melanochromis auratus usimguse kabisa, huyo ni jambazi wa daraja lingine. Ngogo mmoja wa kusafisha mabaki anapendeza, ila kama una nia ya kuzalisha, jihadhari na yule wa madoadoa wa Ziwa Tanganyika, Synodontis multipunctatus. Hutaga wakati sikilidi anataga, mayai yake yanaokotwa na kuatamiwa na mama asiyejua, na vifaranga wake wanawala wenyeji humohumo mdomoni. Ni ajabu kutazama, ni hasara kufuga.

Chakula, na ugonjwa unaotokana nacho

Demasoni ana utumbo mrefu wa mla mwani. Mpe minofu, maini, au moyo wa ng'ombe ambao baadhi ya watu huwasagia samaki, na atavimba tumbo. Chakula cha msingi kiwe punje au vipande vyenye spirulina, aina ya mwani uliokaushwa. Mara mbili kwa wiki mpe mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto dakika moja, au njegere zilizomenywa ngozi. Kulisha ni mara mbili au tatu kwa siku, kiasi cha kuisha ndani ya dakika moja, na siku moja ya wiki wafunge.

Tawanya chakula upana wote wa tangi. Ukimimina kona moja, mbabe anaketi hapo na wanyonge wanakonda. Siku nilipoanza kulisha kwa mikono miwili, kushoto na kulia kwa pamoja, wale waliokuwa wamefifia rangi walirudi bluu ndani ya wiki mbili.

Uvimbe wa tumbo huanza na samaki anayekimbilia chakula kisha anakitema. Kisha kinyesi cheupe kama uzi, kujitenga kona ya juu, na mwisho tumbo kujaa. Ukingoja tumbo lijae umechelewa. Mtoe mapema, mweke peke yake, badilisha theluthi ya maji kila siku, na dawa ambayo wafugaji wengi hutumia ni metronidazoli, miligramu 250 kwa lita 40, kila siku baada ya kubadilisha maji, kwa siku tano hivi. Huku kwenye tangi kubwa simamisha chakula siku mbili na ujiulize kimebadilika nini: chakula kipya, maji uliyoruka wiki iliyopita, au mnyonge aliyekuwa anafukuzwa bila wewe kujua. Mfadhaiko ni nusu ya ugonjwa huu.

Kulinda amani

Kila jioni kaa mbele ya kioo dakika kumi bila simu. Unatafuta mtu mmoja: yule anayening'inia juu kabisa pembeni mwa filta, mapezi yamefungwa, rangi imepauka. Kumkimbiza mtu sekunde tatu ni maisha ya kawaida ya mbuna. Lakini mmoja akifukuzwa na kila apitaye, mtoe usiku huohuo. Akipona, usimrudishe peke yake.

Na ukiona mmoja ndiye chanzo cha fujo yote, mtoe yeye badala ya majeruhi. Mweke ndoo ya lita 40 yenye sponji kwa wiki moja, panga mawe upya, kisha mrudishe taa zikiwa zimezimwa. Atakuta ramani imebadilika na cheo chake kimechukuliwa. Hii nimeifanya mara tatu. Mara mbili ilifaulu, ya tatu yule jamaa alirudi kwenye ubabe ndani ya siku nne, nikamhamishia kwa rafiki mwenye tangi la lita 600.

Ukihitaji kuongeza samaki, leta sita au zaidi kwa mkupuo, lisha wenyeji kwanza, vuruga mawe, zima taa. Wakiamka wote ni wageni.

Umeme na joto

Umeme ukikatika, wenye samaki watano wana usiku mzima wa kulala. Wewe una saa chache. Kuanzia Januari hadi Machi maji ya tangi langu yanagusa nyuzi 31, na maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo: nyuzi 25 hushika karibu miligramu 8.3 kwa lita, nyuzi 30 kama 7.6. Mara ya kwanza nilitoka sebuleni saa nane usiku nikawakuta wote juu, midomo wazi, wametulia kama wanaomba dua. Niliteka maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu mpaka alfajiri.

Sasa nina pampu ya hewa yenye betri inayojiwasha yenyewe, bei yake haifiki ya samaki wanne. Kama una inveta, unganisha pampu ya hewa kwanza, taa mwisho. Filta ya kopo lililofungwa ikikaa bila umeme kwa saa kadhaa, usiiwashe tu. Bakteria ndani wamekosa hewa na maji yameoza. Mwaga maji yake, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Kwa joto, feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili tatu kwa uvukizi. Fidia maji yanayopungua. Walio Mbeya, Arusha au Nairobi wana shida ya kinyume, watahitaji hita.

Kuzaliana

Ukiwa umelipa riba yako vizuri, hili litatokea lenyewe. Karibu na miezi sita au zaidi kidogo, dume atasafisha jiwe bapa au kuchimba shimo kando yake, rangi itamuiva karibu nyeusi, na ataanza kutetemeka mbele ya jike akimvuta. Wanazunguka kichwa kwa mkia. Jike anataga yai moja au mawili, anageuka na kuyaokota mdomoni hata kabla hayajagusana na dume. Kwenye pezi la chini la dume kuna alama za njano zinazofanana na mayai. Jike anazidonoa akidhani amesahau moja, na hapo dume anatoa mbegu, mayai yanarutubishwa humo mdomoni.

Utamjua jike aliyebeba kwa kidevu kilichotuna na mwendo wa taya kama anayetafuna ubani. Chakula kikimwagwa anasogea, anakitazama, anaondoka. Andika tarehe ukutani. Jike mdogo wa mara ya kwanza mara nyingi huyameza mayai baada ya siku chache. Usimsumbue, mara ya pili au ya tatu atajua kazi. Idadi ni ndogo: kumi hadi ishirini na kitu, wakubwa kidogo kuliko unavyotarajia kwa samaki wa kimo hicho. Kwenye nyuzi 26 au 27 atawaatamia wiki tatu hivi, wakati mwingine zaidi.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kumwacha. Atawatema kwenye tangi kubwa, na kati ya samaki ishirini na tano wenye njaa, watanusurika wawili au watatu walioangukia kwenye kokoto zilizobanana. Kama huna haja ya biashara, hiyo inatosha na haimsumbui mtu.

Ya pili ni kumhamisha siku ya 18 hivi, kwenye tangi la lita 40 lenye ile sponji ya akiba na kipande cha bomba cha kujificha. Mvue usiku, taa zimezimwa, kwa wavu mpana na bila mbio. Akishtuka atatema mayai hapohapo. Akishawatoa vifaranga, mlishe siku mbili tatu peke yake arudishe nguvu, maana amefunga wiki tatu. Usimkalishe zaidi. Kila siku anayokosekana nyumbani, cheo chake kinashuka. Mrudishe usiku, na asubuhi lisha wote mapema.

Ya tatu ni kumkamua, na ndiyo ninayoitumia sana kwa sababu anarudi kwa wenzake baada ya dakika moja. Ngoja siku ya 16 hadi 18. Jaza bakuli pana maji ya tangi lilelile. Lowesha mikono, mshike jike ndani ya wavu mlaini uliolowa, kichwa kielekee chini, na kwa ncha ya ukucha vuta mdomo wa chini taratibu huku ukimchovya. Vifaranga watamwagika, macho makubwa, bado na kifuko cha kiini tumboni. Chungulia mdomoni, mara nyingi mmoja au wawili wanakataa kutoka, chovya tena. Usimbane tumbo. Usimweke nje ya maji kupita sekunde chache. Ukikamua mapema na kukuta bado ni mayai, yanahitaji kutikiswa muda wote kama mama anavyofanya: kata chupa ya soda, funga wavu, pitisha maji ya pampu kutoka chini kwa nguvu ndogo yacheze bila kugongana. Yanayogeuka meupe yatoe, ukungu huambukiza.

Vifaranga

Wakimaliza kiini wanakuwa na kama sentimita moja, na tayari wana mistari. Hii ndiyo raha ya demasoni: kifaranga ni nakala ya baba yake tangu siku ya kwanza, na ndani ya wiki wameanza kufukuzana.

Chakula ni unga wa spirulina uliosagwa kwa vidole, mara nne au tano kwa siku, na artemia (vijikamba vidogo sana) waliototolewa siku hiyo kama unaweza kuwapata. Kwa umri huu nyama kidogo haiwadhuru. Badilisha theluthi ya maji kila baada ya siku moja, kwa maji ya tangi kubwa ambalo pH yake ni ileile. Wachanga wanaouawa na maji machafu ni wengi kuliko wanaouawa na kitu kingine chochote. Baada ya miezi miwili hadi mitatu watakuwa na sentimita 2.5 na wanaweza kuuzwa.

Hapo ziada inaanza. Jike aliyelishwa vizuri hubeba tena baada ya mwezi mmoja hadi miwili, na ukiwa na majike kumi hesabu ifanye mwenyewe. Wasiouzika usiwamwage mtoni wala ziwani, hata Ziwa Nyasa lenyewe. Kule kila mwamba una ukoo wake. Upande wa Malawi, kwenye kisiwa cha Thumbi West, mbuna walioletwa kutoka sehemu nyingine za ziwa wamezaana na wenyeji, na damu ikishachanganyika haitenganishwi tena. Kwa sababu hiyohiyo, mahuluti wa tangini usiwauze kwa jina la mzazi mmoja.

Kwa kusafirisha, wafungishe siku moja kabla. Mfuko uwe theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, vifaranga kumi kwa mfuko, mifuko miwili mmoja ndani ya mwingine, ndani ya boksi la giza. Mteja akiniomba watano, simwuzii. Namwuliza tangi lake lina urefu gani. Akisema sentimita 60, namwonyesha wale wa njano. Akisema 120, nahesabu ishirini na tano.